Mizigo Midogo ya Nyumbani

SABATO ALASIRI

Mafungu ya kusoma kwa somo la juma hili: 2 Wafalme 6:1-7, Luka 15:8-10, 2 Timotheo 4:9-21, Kutoka 16:1-12, Mithali 25:20, Warumi 12:15, Luka 16:10, Wagalatia 6:1-5.

Fungu la kukariri: Wagalatia 6:2.

Makambako ni mji wa njia panda. Hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma hukutana na ile iendayo Njombe hadi Songea. Hapo pia pana stesheni ya reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa serikali za Tanzania na Zambia mwaka 1976. Mtu anayesubiri usafiri mahali kama hapo husikia habari nyingi, na nyingi kati ya hizo si za vita wala za uchaguzi. Ni habari za nyumbani. Maziwa yamechemka yakamwagikia motoni. Ufunguo umevunjikia ndani ya kufuli. Kuku wa jirani wamefukua mbegu za mboga. Upepo umeng'oa bati moja la jikoni, na mvua ikanyesha usiku uleule. Simu imetumbukia kwenye ndoo ya maji.

Habari hizohizo husikika kwenye lango la kanisa baada ya ibada. Baada ya “Kamwene” na majibu yake, baada ya kuulizana habari za watoto na za shamba, mtu husema, “Yaani dada, juma hili nimekoma.” Kisha hueleza kitu ambacho hakitaandikwa katika ripoti yoyote.

Je, ni haki kumpa rafiki mzigo wa namna hiyo? Wako wanaosema si haki. Wanasema wenzetu wana misiba, madeni na magonjwa, hivyo Mkristo aliyekomaa hunyamaza juu ya sufuria iliyoungua. Wako wengine wanaosema kila kinachouma kitolewe nje, kwa yeyote na wakati wowote, maana kunyamaza kunaua. Juma hili tutaona kwamba Biblia haikubaliani kikamilifu na upande wowote kati ya hizi mbili. Tutatafuta pia kujua jambo dogo la nyumbani linamdai nini yule anayelisema na yule anayelisikia.

JUMAPILI
Shoka la Kuazima

Soma 2 Wafalme 6:1-7. Ni jambo gani hasa lililomfadhaisha yule mtu shoka lilipozama?

Wana wa manabii walikuwa wakikata miti kando ya Yordani ili wajenge mahali pa kukaa. Chuma cha shoka la mmoja wao kikachomoka na kuzama. Hakuna aliyeumia, wala hakuna aliyekufa. Tena tukiendelea kusoma sura hiyohiyo tunakuta jeshi la Shamu limeuzingira mji wa Samaria, na njaa imekuwa kali kiasi cha kutisha. Habari hizo mbili zimekaa katika sura moja. Mwandishi hakuona kwamba njaa ya mji mzima inaifuta hasara ya mtu mmoja aliyepoteza shoka.

Tazama pia kilio chenyewe. Yule mtu hakulalamika kwamba chuma ni ghali. Alisema lilikuwa la kuazima. Hasara yake ilikuwa ya namna mbili: amepoteza chombo, na amepoteza uso wa kumrudia mwenye chombo.

Wakulima wa viazi mviringo wa Njombe wanalielewa jambo hili bila kufafanuliwa. Wakati wa mvua, ugonjwa wa ukungu unaweza kuliharibu shamba kwa siku chache. Chukulia mkulima ambaye ameazima bomba la kupulizia dawa, nalo likapasuka mkononi mwake. Kwa mtu mwenye mabomba matatu, hiyo ni habari ya kusimulia akicheka. Huyu aliyeazima amepoteza kwa mpigo mmoja bomba ambalo si lake, siku ya kupulizia, na pengine mlango wa kuazima msimu ujao. Tukio ni moja, lakini uzito wake hautokani na kitu kilichovunjika. Unatokana na nyumba ambamo kimevunjikia.

Hii haina maana kwamba hakuna ajali ndogo. Zipo nyingi, na mara nyingi mwenyewe anajua kwamba ni ndogo. Maziwa ya asubuhi yakimwagika wakati ng'ombe atakamuliwa tena jioni, hayo yamekwisha. Maana yake ni kwamba anayesikia habari hana mizani ya kupimia. Hajui bomba lilikuwa la nani. Kwa hiyo neno “Hilo nalo ni jambo?” likitoka kinywani mwa msikilizaji kabla ya kuuliza, ni hukumu iliyotolewa bila shahidi.

Mtu wa Mungu alianza na swali. Alitaka kuonyeshwa mahali lilipoangukia. Kabla ya muujiza kulikuwa na mtu mmoja aliyesimama ukingoni mwa mto na kuuliza habari za kipande cha chuma.

Mara ya mwisho rafiki alipokueleza hasara ya nyumbani kwake, swali lako la kwanza lilikuwa lipi? Au hukuuliza lolote?

JUMATATU
Joho Lililobaki Troa

Soma 2 Timotheo 4:9-21. Katika barua hii nzito, Paulo anaomba vitu gani vya kawaida?

Mtume yuko kifungoni, na anajua kwamba siku zake zimekaribia kwisha. Ametoka kuandika maneno ambayo Kanisa limeyasoma katika mazishi kwa karne nyingi. Mistari michache baadaye anamkumbusha Timotheo habari ya joho alilomwachia Karpo huko Troa, pamoja na vitabu. Karibu na mwisho wa barua anamsihi afanye bidii afike kabla ya majira ya baridi.

Msomaji wa pwani anaweza kupita hapo haraka. Msomaji wa Njombe hapiti. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuna asubuhi za Juni na Julai ambapo sakitu huonekana juu ya majani ya mashambani. Mtu wa huku anajua maana ya koti lililoachwa mahali pengine baridi inapokaribia. Ni jambo dogo mpaka saa kumi ya usiku.

Paulo angeweza kusema kwamba mtu anayekaribia kupokea taji haulizi habari za joho. Hakusema hivyo. Hakuona aibu rafiki yake kujua kwamba anasikia baridi. Tunajifunza kwamba kuficha mahitaji madogo si lazima kuwe utakatifu. Wakati mwingine ni kiburi kilichovaa nguo ya uvumilivu. Tunataka kuwa watu wanaosaidia tu, wasiosaidiwa kamwe. Tunabeba chakula kwenda kwa mgonjwa, lakini sisi tukiishiwa chumvi tunakula bila chumvi kuliko kumtuma mtoto kwa jirani.

Sasa soma Luka 15:8-10. Mwanamke aliyepata shilingi yake anawaita rafiki na majirani wafurahi pamoja naye. Kwa kawaida fungu hili hutufundisha jinsi mbingu inavyofurahi juu ya mwenye dhambi anayetubu, na hilo ndilo kusudi la Yesu. Lakini mfano wenyewe ulieleweka kwa sababu wasikilizaji waliujua ujirani wa namna hiyo. Nyumba ile haikujifungia. Shilingi moja kati ya kumi ilistahili taa, ufagio, na mwishowe mwaliko wa mtaa. Wala Yesu hakuona haya kuchukua furaha ya nyumbani, iliyotokana na kitu kilichoanguka sakafuni, na kuilinganisha na furaha ya malaika.

Anayemshirikisha rafiki jambo dogo humpa kitu pia. Humpa nafasi ya kuwa rafiki. Timotheo asingeweza kumfungua Paulo minyororo, lakini joho angeweza kulibeba. Marafiki wetu wengi hawana uwezo wa kutuondolea yaliyo makubwa. Tukiwanyima na madogo, tumewaachia nini cha kutufanyia?

Je, kuna hitaji dogo unalolificha kwa sababu hutaki kuonekana mhitaji? Ni nani angefurahi kulijua?

JUMANNE
Kusimulia au Kunung'unika?

Soma Kutoka 16:1-12. Njaa ya Waisraeli ilikuwa ya kweli. Basi kosa lao lilikuwa wapi?

Baada ya kusema yote ya jana, lazima tukubali kwamba kuna maneno juu ya shida ndogo ambayo Maandiko yanayakemea. Paulo anarudia onyo hilo katika 1 Wakorintho 10:10. Je, tutajuaje mpaka uko wapi?

Bwana hakuwakemea watu kwa kuwa na njaa. Aliwapa chakula. Kosa halikuwa katika kusema kwamba matumbo ni matupu, bali katika mambo mawili waliyoyaongeza. Kwanza, walibadilisha historia. Misri ya matofali na mijeledi ikageuka kuwa nchi ya masufuria ya nyama. Pili, walimpa Musa nia ambayo hakuwa nayo, kwamba aliwatoa ili awaue. Shida ilikuwa ya kweli, lakini habari waliyoisimulia juu ya shida hiyo ilikuwa ya uongo.

Hapo tunapata kipimo cha kwanza: je, ninalieleza jambo kwa ukubwa wake? Dari linalovuja mahali pamoja halipaswi kuwa “nyumba nzima imeoza” tunapofika kwa rafiki.

Kipimo cha pili kinahusu watu wengine. Karibu kila ajali ya nyumbani ina mtu ndani yake. Sahani imevunjika, na kuna aliyekuwa akiiosha. Mlango ulibaki wazi, na kuna aliyetoka mwisho. Habari inaanza na sahani, lakini ikifika katikati sahani imesahauliwa na anayejadiliwa ni binti wa kazi: kabila lake, uvivu wake, ujumbe unaoingia kwenye simu yake. Soma Mithali 11:13. Mara nyingi masengenyo huingia nyumbani yakiwa yamebeba kitu kidogo kilichovunjika kama kisingizio. Jiulize: mtu huyu angekuwa ameketi hapa, ningeisimulia hivi?

Kipimo cha tatu ni kuacha nafasi. Rafiki aliyesikiliza habari ya bati lako lililong'oka, je, amepata dakika ya kusema habari yake? Kuna watu ambao kila wakisikia shida ya mwenzao huitoa yao iliyo kubwa zaidi, kana kwamba kuna mashindano. Mmoja anasema mguu unamuuma, mwingine anasema wake ulikwisha kufungwa plasta. Huko si kubebeana mizigo. Ni kulinganisha mizigo, na kila mtu anarudi nyumbani na wake.

Lakini tuwe waangalifu na kipimo cha pili. Hakikuwekwa ili kumfunga mdomo anayeonewa. Mtu anayesema kila mara kwamba ameteleza mlangoni, na kila mara uso ndio uliovimba, huenda anamlinda anayempiga. Kumtaja mtu ili kumchafua ni dhambi. Kumtaja anayedhuru ili madhara yakome si masengenyo, na ndugu wa kanisa asitumie fungu la ulimi kumrudisha mwenzake kwenye kipigo.

Kati ya vipimo hivi vitatu, kipi kinakushinda mara kwa mara?

JUMATANO
Nani Ana Haki ya Kucheka?

Soma Mithali 25:20, Mithali 17:5, Warumi 12:15. Mafungu haya yanaweka mpaka gani kwenye kicheko?

Ajali nyingi za nyumbani zinachekesha. Mtu aliyekwenda sokoni na viatu viwili visivyofanana akiwaeleza rafiki zake, wakicheka wote, hakuna aliyekosewa. Kicheko hupunguza uzito. Soma Mithali 17:22. Tusiwe watu wa uso mkavu wanaodhani kwamba Bwana hupendezwa na huzuni.

Lakini kicheko kina mwenyewe. Katika nchi yetu tuna desturi ya utani kati ya makabila, na wazee husimulia kwamba utani mwingi ulizaliwa kati ya watu ambao babu zao walipigana. Mtani anaweza kusema msibani maneno ambayo mtu mwingine akiyasema angefukuzwa. Anamcheka marehemu, anawadai wafiwa pesa, anazuia jeneza lisipite. Watu wanacheka huku machozi hayajakauka. Tunaweza kujadili ni mambo gani ya desturi hiyo yanayomfaa Mkristo na yasiyomfaa. Lakini tusipitwe na hekima iliyomo. Kwa jadi, mtani aliyecheka ndiye pia aliyekuwa na wajibu wa kusaidia kazi za msiba. Haki yake ya kucheka ilitoka kwenye jembe alilolishika. Asiyechimba hakuwa na ruhusa ya kuchekesha.

Linganisha na yanayotokea sasa. Mtu ameanguka kwenye tope mbele ya stendi na mzigo wake wa mayai. Kabla hajainuka, amepigwa picha. Jioni ile picha iko katika makundi ya simu, na watu mia wanacheka ambao hakuna hata mmoja wao aliyemwokotea yai moja. Huo si utani, maana utani unawafunga watu kwa wajibu, na hapa hakuna anayewajibika. Mithali 17:5 inatuambia anayefurahia msiba wa mwingine anasimama mahali gani mbele ya Muumba.

Mithali 25:20 inatumia mfano ambao watu wa nyanda za juu hawahitaji kufafanuliwa. Kumwimbia nyimbo mtu mwenye moyo mzito, asema mwenye hekima, ni sawa na kumvua mtu vazi siku ya baridi. Wimbo si mbaya, na anayeuimba huenda ana nia njema. Lakini amekuja na kitu kisicho cha saa hiyo. Hata maneno ya imani yanaweza kufanya hivyo. Mtu anasema duka lake la mboga limefunikwa na maji, na kabla hajamaliza anajibiwa, “Mshukuru Mungu u mzima.” Neno lenyewe ni kweli, ila limefika mapema mno, na aliyeambiwa amebaki bila vazi.

Kanuni ni rahisi: mwenye jambo acheke kwanza. Akicheka, cheka naye. Akinyamaza, nyamaza naye. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba, walipoketi naye chini bila kusema neno (Ayubu 2:11-13). Makosa yao yalianza walipoanza kufafanua.

Je, umewahi kusambaza picha au habari ya mtu aliyepatwa na jambo la aibu? Ungemfanyia nini kama ungekuwa umesimama karibu naye?

ALHAMISI
Mlango wa Mambo Makubwa

Soma Luka 16:10. Kanuni hii kuhusu uaminifu inawahusuje marafiki wanaosikiliza?

Tumezoea kulitumia fungu hili kwa habari za fedha, na ndivyo muktadha ulivyo. Hata hivyo kanuni yake inafika mbali. Watu huwapima wenzao kwa madogo kabla ya kuwakabidhi makubwa. Anayekueleza leo kwamba sufuria imeungua huenda anataka kujua kama sufuria hiyo itafika kwa jirani wa tatu kabla ya jua kuzama. Ikifika, hatakuambia jambo lingine.

Tuangalie mifano miwili kutoka katika maisha ya huku.

Wa kwanza ni jiko la mkaa. Usiku wa baridi, familia nyingi huingiza jiko ndani, hufunga mlango na madirisha, na kulala. Mkaa unaowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa gesi hiyo huua watu wakiwa usingizini. Dalili zake za mwanzo ni za kawaida sana: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu. Sasa fikiri mama anamwambia mwenzake kisimani, “Dada, leo nimeamka kichwa kizito, na watoto nao wametapika.” Anaweza kujibiwa, “Pole, ndiyo baridi hiyo.” Au anaweza kuulizwa, “Mlilala na jiko ndani?” Tofauti ya majibu hayo mawili inaweza kuwa nyumba nzima. Anayeona dalili hizo katika nyumba yenye jiko awatoe watu kwenye hewa safi mara moja na kuwapeleka hospitali, na jiko lisirudi chumbani. Kama mama yule angefundishwa kwamba kichwa kuuma ni jambo dogo lisilofaa kusemwa, nani angeuliza?

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023 ulionyesha kwamba mkoa wa Njombe ulikuwa na kiwango cha juu cha maambukizi ya VVU kuliko mikoa mingine yote ya Tanzania. Kiwango kilikuwa asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, wakati cha taifa kilikuwa asilimia 4.4. Hiyo ni karibu mtu mmoja kati ya wanane. Darasa la Shule ya Sabato katika mkoa huu lisizungumze juu ya virusi hivyo kana kwamba ni habari za watu wa mbali.

Mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi anaweza kuishi miaka mingi na kulea watoto wake, mradi azitumie bila kukatiza. Wengi hupenda kuzichukua mbali na nyumbani, mahali wasipojulikana. Kwa hiyo siku moja mshiriki anasema kwa kupita, “Leo nimekosa basi la Makambako.” Hayo ndiyo yote anayosema. Yanasikika kama ajali ndogo ya asubuhi. Anayejibu, “Si utakwenda kesho tu,” hajakosea kwa maneno. Lakini anayeuliza, “Ulikuwa na jambo la haraka? Nikusaidieje?” kisha asidai maelezo, amefungua mlango bila kumsukuma mtu aingie. Pengine mlango huo hautatumika leo. Utakumbukwa.

Hatuambiwi tuwe wapelelezi, tukitafuta siri nyuma ya kila sufuria. Mara nyingi sufuria ni sufuria. Tunaambiwa tu kwamba hatuwezi kuchagua kusikia makubwa peke yake. Makubwa huja yamevaa nguo za madogo, na aliyeyadharau madogo hatakuwepo yatakapovua.

Ni nani amekuamini kwa jambo dogo hivi karibuni? Liko wapi jambo hilo sasa?

IJUMAA
Kujifunza Zaidi

Soma Wagalatia 6:1-5. Katika aya ya 2 Paulo anataka tuchukuliane mizigo. Katika aya ya 5 anasema kila mtu atauchukua wake mwenyewe. Wengi wamejiuliza kama mtume amejipinga. Katika Kiyunani alitumia maneno mawili tofauti. La kwanza ni uzito unaolemea. La pili ni furushi ambalo kila msafiri hubeba lake.

Yeyote aliyeona wanawake wakirudi na kuni kutoka kwenye miti anaweza kulielewa hili. Kila mmoja anatembea na mzigo wake kichwani. Hakuna anayembebea mwenzake, maana kila kichwa kina wake. Lakini mzigo ukiwa mzito, mwenyewe hawezi kuunyanyua peke yake kutoka chini mpaka kichwani. Anahitaji wa kumtwisha. Akifika, anahitaji wa kumtua. Kazi ya kumtwisha mtu huchukua nusu dakika, nayo haimwondolei safari. Bila hiyo nusu dakika, safari haianzi.

Hapo ndipo mizigo midogo ya nyumbani inapopata mahali pake. Anayetueleza habari ya bati lililong'oka kwa kawaida hatuombi tukamjengee nyumba. Atalipigilia mwenyewe. Anatuomba mkono mmoja wakati wa kunyanyua. Anayesema azingatie kwamba rafiki yake naye ana mzigo kichwani, na aulize kama sasa ni wakati mzuri. Anayesikia azingatie kwamba hajaombwa kubeba yote, hivyo hana sababu ya kukimbia. Tukilielewa hilo, hatutawanyamazisha watu wenye shida ndogo, wala hatutawageuza marafiki zetu kuwa mahali pa kumwagia kila kitu.

Katika kitabu cha Huduma ya Uponyaji, kilichochapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1905, Ellen G. White anaieleza njia ya Kristo ya kuwafikia watu. Alichangamana nao, akawahurumia, akahudumia mahitaji yao, akapata imani yao, na ndipo akawaita wamfuate. Wito ulikuja mwisho. Makanisa yetu mengi huanza na wito, kisha hushangaa kwa nini jirani hafungui mlango. Huenda jirani huyo alitueleza habari ya kuku wake mwaka jana, na hatukusikiliza.

Maswali ya Kujadili:

1. Je, kuna tofauti kati ya kumwambia Mungu jambo dogo na kumwambia rafiki? Tusipomwambia rafiki kwa kuwa tumekwisha kumwambia Mungu, tunapata nini na tunapoteza nini?

2. Mshiriki mmoja huja kila Sabato na malalamiko madogo yaleyale. Mwingine hasemi shida yake hata siku moja. Ni yupi kati yao anayekuhangaisha zaidi, na kwa nini? Kila mmoja anahitaji nini kutoka kwa darasa?

3. Jadilini mpaka kati ya utani unaojenga na mzaha unaoumiza. Je, mitandao ya simu imebadilisha nini katika mpaka huo? Kundi la simu la kanisa lenu lina kanuni gani kuhusu picha na habari za watu?

4. Katika mtaa wenu, ni dalili au habari zipi “ndogo” ambazo msikilizaji makini hapaswi kuziacha zipite? Mtu akizisikia, ampeleke mwenye shida kwa nani?

5. Darasa lenu lingefanyaje ili mtu aweze kusema, “Juma hili nimekoma,” akaulizwa swali moja zuri, na habari yake ikabaki ndani ya darasa? Kubalianeni juu ya hatua moja ya kuanza nayo Sabato ijayo.